Ufa mwembamba kama unywele ulivyotukosesha mechi ya Mbeya

Na Mwandishi Wetu, Iringa

MHARIRI alinituma kazi moja tu: panda gari na mashabiki, safiri nao usiku, imba nao jukwaani pale Sokoine, Mbeya, kisha rudi na makala ya ukurasa mzima. Sokoine sikufika. Mechi niliisikiliza redioni, nimekalia ndoo ya rangi kwenye karakana moja ya Ipogolo, Iringa.

Matokeo mnayajua, yalikuwa ukurasa wa nyuma Jumatatu. Timu sitaitaja, maana nikiitaja nusu ya wasomaji watacheka na nusu watanitumia matusi. Halafu gari kama hili lipo karibu kila tawi hapa nchini. Inawezekana hata wewe unalipanda wikiendi hii.

Kilichotukwamisha ni ufa. Siyo ule wa beki ya kati tunaouandika kila siku. Huu ulikuwa kwenye bomba la moshi chini ya injini, mwembamba kama unywele. Ulikaribia kutuondolea mtoto.

SAFARI ILIVYOANZA

Tulitoka Dar es Salaam Jumamosi saa 2 usiku. Mechi ilikuwa Jumapili saa 10 jioni. Gari ni Subaru Forester ya Mwenyekiti wa tawi, muuza viatu mmoja ambaye misimu mitatu mfululizo hajakosa mechi ya ugenini. Mimi nilikaa mbele kushoto. Nyuma walikuwa mama mmoja mpiga vuvuzela, kijana mpiga ngoma, na katikati yao mtoto wa Mwenyekiti, miaka 11, safari yake ya kwanza kuifuata timu mkoani.

Ngoma ilikuwa kubwa kuliko buti. Mlango wa nyuma haukufunga, wakaufunga kwa kamba. Ukabaki uwazi wa kupitisha ngumi. Hakuna aliyeona tatizo. Wewe ungeliona?

Tangu Kibaha gari lilikuwa linatoa sauti ya tiki-tiki-tiki kila dereva anapokanyaga mafuta. Injini ikipata moto sauti inapungua. Nikamuuliza Mwenyekiti, akacheka.

"Hiyo ndiyo sauti ya Subaru, mwandishi. Mwaka jana nilitoa mabomba ya kiwandani nikaweka heda ya stenlesi. Mtumba, lakini ngoma hiyo!"

Kwa wasioyajua magari, heda ni yale mabomba ya kwanza kabisa yanayopokea moshi kutoka kwenye injini na kuukusanya pamoja kabla haujaelekea nyuma kwenye saileni. Kwenye Subaru yanakaa chini ya injini. Moshi unaopita humo injini ikifanya kazi nzito unaweza kufika nyuzi joto 700 na kuzidi.

Chalinze tukala chipsi mayai. Morogoro tukapita tunaimba. Kuingia Mikumi mtoto akaanza kulalamika kichwa. Baadaye akatapika. Wote tukalaumu chipsi.

Usiku ulikuwa wa baridi, vioo tumefunga. Kupanda Kitonga tukakaa nyuma ya malori, gia ndogo, injini inalia. Mama wa vuvuzela naye akasema kichwa kinamgonga. Mpiga ngoma alikuwa amelala fofofo. Mimi nilikuwa na kizunguzungu kidogo, nikadhani ni usingizi. Kioo changu kilikuwa wazi kidogo kwa sababu ndani kulikuwa na harufu ya matapishi. Nadhani hicho ndicho kilichonisaidia.

Tulifika Ipogolo saa 11 alfajiri. Mwenyekiti akamwamsha mwanawe ashuke anywe chai. Mtoto hakuamka. Akatikiswa, akafungua macho, akasema maneno yasiyoeleweka, akalala tena.

Hapo kelele zote za ushabiki zikaisha.

NESI ALIULIZA SWALI MOJA

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Nesi wa zamu, mama wa makamo, alimlaza mtoto kitandani, akamwekea kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kikasoma 98. Mwenyekiti akashusha pumzi.

Nesi hakushusha. Akatugeukia sisi.

"Na nyie vichwa vinawauma?"

Mama akasema ndiyo. Mpiga ngoma akasema ndiyo. Mimi nikasema kidogo.

"Mkishuka kwenye gari vinapungua?"

Tukatazamana. Kweli, dakika kumi tulizosimama nje mama alikuwa ameanza kuchangamka.

"Basi siyo chipsi," akasema nesi. "Mmevuta moshi wa gari."

Akaenda kuvuta mtungi wa oksijeni. Mtoto akavalishwa barakoa, mama na mpiga ngoma nao wakapewa zamu zao.

Tabibu alipokuja alitueleza taratibu. Moshi wa injini ya petroli una hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta, inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo oksijeni inakosa kiti. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Ukilala nayo unaweza usiamke.

Kuhusu kile kifaa cha kidoleni alisema jambo ambalo sikulijua. Kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba hewa hiyo ya sumu. Kwake zote ni nyekundu. Ndiyo maana kilisoma 98 wakati mtoto hajitambui.

Akaongeza kwamba kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka mwilini kwa saa nne hadi sita. Kwa oksijeni ya barakoa muda huo unashuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Mtoto angebaki pale mpaka mchana, aangaliwe.

"Na gari hilo," tabibu akamwambia Mwenyekiti, "asipande mtu mpaka mjue moshi unatokea wapi."

FUNDI WA ELFU ISHIRINI

Saa 2 asubuhi mtoto alikuwa ameshafungua macho na anaongea vizuri. Mama akabaki naye. Mimi, Mwenyekiti na mpiga ngoma tukalipeleka gari kwa mafundi, vioo vyote chini.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana, mchangamfu. Akaingia chini na tochi, akatoka baada ya dakika mbili.

"Heda imepasuka, bro. Elfu ishirini, nusu saa mnaondoka. Naipiga fimbo hapo hapo bila kuishusha."

Fimbo ni zile za kuchomelea mageti na madirisha. Mwenyekiti akaangalia saa. Nikajua anapiga hesabu. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na hiyo barabara ina malori na vibao vya hamsini kila kijiji. Tukiondoka saa 4, tunawahi mechi.

Jirani yake alikuwapo mzee mmoja anafungua karakana yake, amevaa suruali ya kanisani na shati jeupe. Mpiga ngoma akamsalimia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akauliza shida yetu ni nini. Tukamwambia, mpaka habari ya mtoto.

Akavua shati, akavaa ovaroli.

"Stenlesi haipigwi fimbo ya geti," akasema. "Itashika leo. Kesho kutwa itapasuka pembeni ya pale pale. Na mtakuwa mmelala tena humo ndani."

Bei yake ilikuwa laki moja na ishirini, na hakutuahidi muda. Mwenyekiti alisimama kama dakika nzima. Kisha akamrudishia kijana tabasamu, akamkabidhi mzee ufunguo.

CHAKI NA MAFUTA YA TAA

Kuishusha heda kulichukua zaidi ya saa moja. Injini ilisubiriwa ipoe kwanza. Nati mbili ziligoma kwa kutu, zikapakwa mafuta, zikagongwa taratibu, zikasubiriwa. Sensa ya oksijeni ikafunguliwa ikawekwa pembeni, waya wake usiguswe.

Heda ilipotoka tukauona ufa. Ulikuwa pale mabomba mawili yanapokutana, pembeni ya uzi wa zamani wa kuchomelea. Kulikuwa na alama nyeusi ya masizi kama wino uliomwagika. Mzee akasema masizi ndiyo yanayoonyesha moshi unapotokea.

Ufa wenyewe tuliuona kama sentimita mbili. Mzee akatikisa kichwa. Akausugua kwa brashi ya waya wa stenlesi mpaka bomba likang'aa, akapaka mafuta ya taa, akasubiri, akafuta yote kwa kitambaa kikavu, kisha akapaka unga wa chaki ya shule.

Baada ya muda chaki ikaanza kulowa kwa mstari. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka. Mstari ulikuwa sentimita nne.

"Macho yameona nusu," akasema. "Ningechomelea hiyo nusu, nyingine ingeendelea kutembea."

Akachukua drili, akatoboa tundu dogo la milimita tatu kila mwisho wa ufa. Nikauliza mbona anaongeza matundu kwenye kitu kilichotoboka. Akaeleza kwamba ncha ya ufa ni kali, nguvu zote zinajikusanya pale, ndiyo maana unazidi kukimbia. Ukikutana na tundu la mviringo, ile nguvu inatawanyika na ufa unasimama. Alitoboa kwa mwendo mdogo, kwa kukandamiza na kwa mafuta, maana stenlesi ukiisugua haraka bila kuikata inazidi kuwa ngumu na drili inakufa.

Kisha kwa grainda akauchimba ufa uwe mfereji wa umbo la V, ili uzi mpya uingie hadi chini na usikae juu kama plasta. Jiwe la grainda lilikuwa jipya. La kukatia chuma cha kawaida hakuligusa. Alisema vipande vidogo vya chuma vikibaki kwenye stenlesi vinaleta kutu pale pale.

KOPO LILILOTUPWA NJE

Ilipofika kusafisha mafuta, mpiga ngoma akaona kopo la dawa ya kusafishia breki juu ya meza, akalishika ili asaidie. Mzee alipiga kelele mpaka nikaruka. Akalichukua, akaliweka nje kabisa.

Baadhi ya dawa hizo zina klorini. Zikipata joto na mwanga wa kuchomelea zinaweza kutoa hewa ya fosijeni, ile iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mzee alisafisha kwa asetoni, akaacha ikauke yote, chupa ikafungwa na kupelekwa mbali, ndipo akawaza habari ya moto.

Fundi akisoma hapa, hilo tu lingetosha kununulia gazeti.

SAA NNE, WAKATI WA KUAMUA

Saa 4 kasoro simu ya Mwenyekiti ikaita. Ni mama wa vuvuzela kutoka kituo cha afya. Mtoto ameomba uji, amekunywa wote. Lakini tabibu amesema hatoki kabla ya saa 8 mchana.

Nilimsikia mama akimwambia, "Mwenyekiti, gari likiisha wewe nenda. Wenzako wanakusubiri Mbeya na bendera unayo wewe. Mimi nitabaki na mtoto, kama wangu vile."

Mwenyekiti alinyamaza. Simu zilikuwa zinaingia mfululizo, wenzake walioondoka na basi la tawi wanauliza mko wapi. Bendera kubwa ya tawi ilikuwa kwenye buti letu.

"Asante mama," akasema hatimaye. "Leo sendi. Mwambie mwanangu baba anakuja."

Akazima simu, akaketi juu ya tairi. Misimu mitatu ikaishia pale. Hakuna aliyemsemesha kwa muda.

Bendera ilipandishwa kwenye basi la abiria lililokuwa linapita, ikapokelewa Mbeya. Mliotazama mechi mliiona, ilining'inia upande wa jua.

KWA NINI STENLESI NI MKOROFI

Mzee alipoona hatuna haraka tena akawa mwalimu. Alichukua silinda hedi ya zamani ya injini kama ile, akaifunga heda juu yake kwa bolti zote, kana kwamba imo kwenye gari.

Sababu ni hii. Stenlesi ikipata joto inatanuka kama mara moja na nusu ya chuma cha kawaida. Halafu joto haliisambazi vizuri, uwezo wake ni kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida. Kwa hiyo ukichoma sehemu moja, joto linabaki pale pale, sehemu hiyo inavimba na jirani yake iko baridi. Bomba linajipinda. Flanji zikipinda hata kidogo, gasketi haitaziba, na utakuwa umeondoa ufa mmoja ukaleta uvujaji mwingine.

Tabia hiyo hiyo ndiyo inayozipasua heda barabarani: zinatanuka, zinasinyaa, zinatanuka, zinasinyaa, kila safari.

Baada ya hapo akaziba midomo ya mabomba kwa karatasi ya aluminiamu na gundi ya karatasi, akaingiza mpira mwembamba upande wa chini, juu akaacha kitundu. Akafungulia hewa ya agoni ijaze bomba ndani. Agoni ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana inaingilia chini na kuisukuma hewa itokee juu.

"Watu wengi wanaulinda uzi kwa nje tu," alisema. "Ndani stenlesi ikiwa ya moto na ikakutana na hewa, inafanya mapovu meusi, kama sukari iliyoungua kwenye sufuria. Nje pazuri, ndani pameoza. Hapo ndipo ufa mpya unapoanzia."

Mashine yake ni ile ya agoni, TIG, yenye sindano ya tangsteni inayotoa moto mwembamba huku mkono wa pili ukilisha waya. Waya aliotumia ni 308L, milimita 1.6, ndio unaolingana na stenlesi ya 304 iliyozoeleka kwenye heda. Akasema ingekuwa ya 321 angetafuta waya wa 347, na kama angeunga stenlesi na chuma cha kawaida angechukua 309L. Umeme aliuweka karibu amperi 50, maana bomba ni jembamba na ukizidisha unalitoboa.

Akavaa barakoa chini ya ile kofia ya kioo, akafungua milango yote miwili ya karakana. Moshi wa kuchomelea stenlesi una kromiamu ya aina inayodhuru mapafu na kuleta saratani. Sisi akatufukuza nje. Tulichungulia kwa zamu na kioo cheusi.

Alichomelea sentimita moja na nusu, akasimama. Akaacha mkono pale pale agoni iendelee kupuliza mpaka chuma kipoe. Akahamia upande mwingine wa ufa. Akasimama tena. Uzi wa sentimita nne ulichukua karibu nusu saa.

Alipomaliza alituita tuone rangi. Uzi ulikuwa wa dhahabu, pembeni unaelekea zambarau na buluu. Alisema rangi ya dhahabu ni nzuri, buluu inavumilika, kijivu au nyeusi maana yake umeikaanga na ile kinga yake ya kutoshika kutu imeondoka.

UFA ULIKUWA DALILI TU

Nilidhani kazi imeisha. Mzee akarudi chini ya gari na tochi.

Alikaa huko muda mrefu kuliko fundi wa elfu ishirini. Alipotoka alikuwa na kipande cha waya wa kufungia ua.

"Nani aliweka hii?"

Mwenyekiti akainama. Ni yeye. Miezi kadhaa iliyopita mpira unaoning'iniza bomba la nyuma ulikatika, akafunga kwa waya, akasahau. Na maunting moja ya injini ilikuwa imechanika.

Injini ikikanyagiwa mafuta inajitikisa. Bomba la ekzosi linatakiwa litikisike nayo, ndiyo kazi ya ile mipira. Ukilifunga kwa waya, huku injini inavuta, kule waya umeshika. Kati yao kuna heda yenye moto. Itapasuka tu, na itapasukia mahali palipo dhaifu, pembeni ya uzi wa zamani.

"Ningewachomelea na kuwaacha na waya huu, mngerudi kwangu kabla ya mzunguko wa pili," akasema mzee.

Hapo ndipo nilipomwelewa kwa lugha yetu. Mara ngapi tumeandika mshambuliaji fulani amerudi, wiki mbili baadaye nyama za paja zimechanika tena? Kidonda kilitibiwa, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini anaumia pale pale kila mara. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee wa Ipogolo angeongeza kwamba kabla ya kuziba, uliza kwanza nyumba inatikiswa na nini.

Mpira mpya ukapatikana, maunting ikapatikana duka la jirani kwa bei iliyomfanya Mwenyekiti agune. Flanji zikapimwa kwa rula ya chuma, zilikuwa zimenyooka. Gasketi zikawekwa mpya. Za zamani hazirudishwi.

Jaribio lilikuwa la sabuni. Injini ikiwa baridi, ikawashwa. Mpiga ngoma akaziba kidogo mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene ili presha ipande, mzee akapaka povu la sabuni juu ya uzi na kwenye flanji haraka kabla havijapata moto. Hakuna puto hata moja. Na ile tiki-tiki-tiki haikuwepo tena.

Mwenyekiti akasikiliza, akasema, "Kumbe gari langu ni la kimya hivi?"

Mzee akamwambia hata mafuta yatapungua. Heda ikivuja, hewa ya nje huingia, sensa inadhani injini imekosa mafuta, kompyuta inaongeza. Kumbe mwaka mzima alikuwa anailipia ile sauti aliyokuwa anaipenda.

NDOO YA RANGI NA REDIO

Saa 8 na nusu mtoto alitolewa. Alikuja karakana anatembea mwenyewe, amemshika mkono mama wa vuvuzela. Swali lake la kwanza: "Baba, tunawahi kipindi cha pili?"

Hatukuwahi. Mzee, ambaye naye alikosa ibada mbili kwa ajili yetu, alitoa redio yake juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akatupa ndoo za kukalia. Kijana wa elfu ishirini akavuka kutoka upande wa pili, akaleta karanga. Ilikuja kujulikana ni wa timu pinzani. Dakika tisini zilikuwa za kelele tupu.

Mpiga ngoma akaishusha ngoma, akaipiga pale pale barabarani. Madereva wa malori walikuwa wanapunguza mwendo kutazama.

Kurudi Dar tulirudi Jumatatu mchana, ngoma imefungwa juu ya gari, mlango wa nyuma umefungwa sawasawa. Maana mzee alisema hilo nalo lilikuwa kosa: gari likienda mbio, mlango wa nyuma ukiwa wazi unavuta ndani moshi wote unaotoka nyuma. Sisi tulikuwa na milango miwili ya sumu, mmoja chini ya miguu na mwingine mgongoni.

KABLA HUJAENDA UGENINI

Wikiendi hii matawi yatasafiri tena. Kwa niaba ya mtoto wa miaka 11, haya ndiyo tuliyoyalipia:

Sauti ya tiki-tiki inayokolea injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto siyo sifa. Mpeleke fundi aangalie heda na gasketi.

Mlango wa buti usisafiri wazi. Mzigo ukizidi, nenda nao juu au upande kwenye basi.

Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa garini kwa wakati mmoja, simamisha gari, shukeni wote. Asiyeamka vizuri apelekwe hospitali, na mwambieni daktari mlikuwa kwenye gari. Msikubali kuridhishwa na kifaa cha kidoleni peke yake.

Fundi akikwambia anachomelea stenlesi kwa fimbo ya geti bila kuishusha, mshukuru, nenda kwa mwingine.

Na ukishaziba ufa, tafuta waya.

Mwenyekiti nilimpigia jana kabla ya kuandika hii. Anasema rekodi yake ya kutokosa mechi imeanza upya kutoka sifuri, na mwanawe ndiye anayeandika hesabu ukutani. Mechi ya kwanza ni Jumapili. Mtoto amesema atakaa mbele, kioo wazi.